Mhariri, hii "next Friday" ni lini hasa?

Bwana Mhariri, assalaam alaikum,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, kazi yangu ni kukodisha masufuria, lakini Jumanne ile mlitoa tangazo la mkutano wa wafanyabiashara wadogo, mambo ya leseni, mkasema utakuwa "Alhamisi ijayo saa nne asubuhi", basi hapa barazani kwetu Majengo tunapokunywa kahawa chungu watu watatu wakalisoma tangazo hilohilo moja, karatasi hiohio wakipokezana, na kila mtu akatoka na siku yake. Mmoja akasema ni hii ya kesho kutwa. Wa pili akasema la, ya kesho kutwa ni Alhamisi HII, ijayo ni ile ya wiki ya pili. Wa tatu akaanza kuuliza hio saa nne ni ya Kiswahili au ya Kizungu, tukamwambia we nyamaza kwanza usituongezee jengine.

Mi nlikuwa kimya nanywa kahawa yangu. Nlikuwa kimya kwa sababu hili jambo nalijua, limeshanila pesa.

Nna miaka ishirini na kitu nakodisha vyombo vya shughuli, sufuria, karai, sinia, mikeka, viti, mahema. Watu wadhani mtaji wa kazi hii ni sufuria, kumbe mtaji wake ni kalenda, manake sufuria moja haiwezi kuwa Kisauni na Likoni siku moja, ukikosea tarehe moja tu ushaharibu harusi mbili. Ndo maana nna daftari langu la oda la jalada gumu, kila ukurasa siku yake, humo ndimo mnamolala harusi za watu na matanga yao na maulidi yao.

Sasa mwaka jana, siku ya Jumanne usiku tarehe 9, naketi kula nkapata mesej ya mama mmoja wa Kibokoni, mteja wangu wa zamani, mtu mzuri na simlaumu hata leo. Kaandika hivi: "Ami naomba zile sufuria kubwa 4 na karai 2 na sinia 30 next Friday pls, walima ya kijana." Nkamjibu inshallah, nkamuekea na kile kidole gumba, nkafungua daftari nkaandika kwenye ukurasa wa tarehe 19. Kwa nini 19? Nlisema moyoni, angekuwa ataka Ijumaa ya tarehe 12 angesema Ijumaa hii, mtu akisema next si asema ile nyengine? Ata sikufikiria mara mbili, nkamaliza wali wangu nkalala.

Ijumaa ya tarehe 12 alfajiri, ndo natoka msikitini viatu ata sijavaa vizuri, simu yalia. "Ami, mpishi ashafika, sufuria ziko wapi?" Nkadhani amekosea namba. Nkamwambia mama si tulisema Ijumaa ijayo, akaniambia si ndo leo Ijumaa yenyewe, mimi nkasema ijayo, yeye akasema ndo hii imeshakuja, tukaenda hivohivo mpaka sote tukanyamaza.

Nkapanda tuktuk mpaka Kibokoni. Mhariri ungeuona ule ua ungenihurumia. Mafiga yashapangwa, kuni zishawekwa, moto mmoja umeshawashwa. Nyama ya mbuzi imelala kwenye beseni na mtindi na tangawizi na thomu tangu jana yake, vitunguu vishakaangwa vikawa rangi ya dhahabu vimetandazwa juu ya magazeti vikaukwe mafuta, mchele kwenye ndoo mbili washalowekwa na mchele ukishalowekwa haukungoji. Na mpishi amesimama katikati kashika ule mwiko wake mrefu kama kasia, hana pa kuutia. Hakusema kitu, aliniangalia tu. Sufuria zangu nne kubwa ziko Likoni, ng'ambo ya feri, kwenye matanga, na zina mchuzi wa watu ndani.

Kwenye mkeka pale ukumbini alikuwa ameketi bibi yake bwana harusi, ajuza, nadhani themanini kashazipita, achagua iliki. Akaniita. Akaniuliza ulitumwa lini? Nkamwambia Jumanne. Wakwambiaje? Nkamwambia next Friday. Akauliza ndo nini hio, akaelezwa, akamgeukia bintiye yule aloniandikia mesej akamwambia, "Na mbona hukumwambia mtondo? Ungesema mtondo tu yangekwisha."

Basi pale uani tulikuwa watu kama kumi na hapana ata mmoja aloweza kusema kwa yakini mtondo ni siku gani, mimi nlishawahi kulisikia kwa marehemu mama lakini sikuwa na hakika, vijana walicheka wakidhani bibi ataja kitu cha kula. Mtondo ndo siku inayofuata kesho kutwa. Ukianzia Jumanne, kesho Jumatano, kesho kutwa Alhamisi, mtondo Ijumaa. Na haikuishia hapo, siku ya baada ya mtondo nayo ina jina, mtondogoo. Yaani wazee wetu walikuwa na neno la kila siku kwa siku nne mbele bila kuhitaji hii wala ijayo wala next, neno moja siku moja, huwezi kukosea ukitaka.

Kwa hio shughuli alinitoa jirani yangu, ambae twafanya biashara moja na twaibiana wateja kila siku, lakini siku hio alinipa sufuria tatu bila kuuliza bei na ya nne ni ile nzee yake ya bati nene yenye shikio moja. Watu walikula saa kumi jioni badala ya saa saba. Pesa sikuchukua, ningechukua kwa uso gani.

Alafu ndo likaanza swali la nani alokuwa na makosa, mimi au mama yule, na wallahi familia mbili zilijadiliana hili jambo kama kesi. Binti ya dadangu asoma Kiingereza chuoni, akaja nyumbani Jumapili nkamwambia hebu nifunulie hili neno kutoka shina, next maana yake nini. Akasema mjomba hili neno lina historia ata mimi nlishangaa. Nkamwambia shangaa baadae, nieleze.

Sasa sikiliza, Mhariri, manake hapa ndo penye utamu. Kwenye Kiingereza cha kale, kile walichokuwa wakisema zaidi ya miaka elfu moja nyuma, kulikuwa na neno neah, maana yake karibu. Ndo hilo leo wasema nigh, ambalo limebaki zaidi kwenye mashairi na kanisani. Wakitaka kusema karibu zaidi, walisema near. Na wakitaka kusema karibu kuliko yote, walisema niehst, hio h ya kooni ikikutana na s ikageuka sauti ya k, ndo next. Yaani nigh, near, next ni ndugu watatu wa tumbo moja, kama wanavosema high, higher, highest. Ila baadae wakasahau kwamba near yenyewe ishakuwa "karibu zaidi", wakaiona kama neno la kawaida tu, wakaiongezea tena mkia wakapata nearer na nearest, na next akaachwa peke yake hana kazi, akatafuta kazi nyengine kwenye mambo ya foleni na siku. Binti akaniambia ata last ni hivohivo, alikuwa ndo kilele cha late, na late asili yake ilikuwa mtu mzito mwenda polepole, baadae wakatengeneza latest mpya na last akahamia kwengine.

Nkamwambia ngoja, kwa hio next maana yake ya asili ni iliyo karibu kabisa? Akasema ndio. Basi nkajua nishashindwa kesi. Manake Ijumaa iliyo karibu kabisa na Jumanne ya tarehe 9 ni ya tarehe 12, hapana ujanja. Mama wa Kibokoni bila kujua alikuwa asema Kiingereza cha miaka elfu.

Na ukiangalia vizuri utaona ile maana ya zamani haijafa, imejificha tu. Nyumba ya next door si nyumba itakayokuja kujengwa, ni nyumba iliyokupakana ukuta. Na neighbour, jirani, ndani yake mna neah hiohio, neahgebur, mkaaji wa karibu. Wajerumani nao wana nächste, ndo next wao, na neno hilohilo wakilifanya la mtu huwa ni jirani yako, yule binadamu mwenzio uloamrishwa umpende. Kidogo nlinyamaza hapo nkikumbuka ile sufuria ya shikio moja.

Lakini kubwa lao ni next of kin. Hii nani hajawahi kuijaza? Benki, hospitali, bima, kila fomu ina kile kisanduku. Mi miaka yote nlijua maana yake ni "anaefuata", yaani we ukifa nani anafuata, na marehemu baba alikuwa akikataa kabisa kukijaza, asema mwataka nimuandike mtoto wangu kuwa ndie anaefuata kufa? Akaekea msitari. Karani akimbembeleza yeye akikataa. Kumbe haina uhusiano wowote na kufuata, ni ile next ya zamani, alie karibu kabisa nawe kwa damu. Laiti ningelijua wakati ule ningemueleza mzee, angejaza.

Sasa utauliza, na mimi nliuliza, kama maana ni "karibu kabisa" ilikuwaje likaruka likaenda wiki ya pili? Binti alinieleza na nadhani ameeleza sawa. Next akiwa peke yake hana tabu. Ukisema next stop kwenye gari, kila mtu ajua ni stendi ya kwanza mbele yako, hakuna mtu ashuka ya pili. Tabu ilianza siku alipokutana na this. This Friday imeshaichukua ile Ijumaa ya karibu, kiti kishakaliwa, basi next Friday hana pa kukaa ila asukumwe mbele. Na hapo pia kuna ile this week na next week, ambazo hazina mgogoro, mtu akazichukua akazivisha siku, Ijumaa ya next week ikawa next Friday. Na ndo maana ugomvi wabadilika kulingana na siku unayosema. Ukisema Jumamosi "next Friday" wengi watakubaliana ni hio ya siku sita mbele. Ukisema Alhamisi "next Friday" karibu kila mtu atajua huikusudii kesho, manake ungesema kesho. Vita viko hapo katikati, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na mesej ya sufuria ilikuja Jumanne, siku ya balaa yenyewe.

Na wenyewe wenye lugha wagombana vilevile, usidhani ni sisi tu wanafunzi wao. Waskoti wakaona wajitoe kwenye fujo, wao husema Friday first, Ijumaa ya kwanza, yaani ile ya mwanzo kufika. Waingereza wengine husema Friday week, Ijumaa kisha uongeze wiki. Na ata lile neno kama kesho kutwa walikuwa nalo, overmorrow, likawafia mikononi, mpaka leo wanasema maneno manne marefu kuitaja siku moja. Wajerumani bado wanalitumia lao.

Maneno ya wakati yana tabia ya kuteleza, mi nafikiri ni uvivu wa binadamu tu. Soon yao zamani ilikuwa ni papo hapo, dakika hii. Watu wakawa wasema soon na hawaji, wasema soon na hawaji, mpaka neno likachoka likawa "baadae kidogo". Usiwacheke, sisi nasi tuna "sasa hivi". Fundi wangu wa mahema akiniambia "nafika sasa hivi" najua bado hajaoga, na akisema "niko hapa darajani" basi yuko kwake atafuta suruali.

Nirudi kwako Mhariri, manake barua si ya Waingereza. Neno lenu ni "ijayo". Hilo neno halina makosa yoyote, limetokana na kuja, Ijumaa ijayo ni Ijumaa inayokuja, na inayokuja kwanza ni ya kwanza, hakuna Ijumaa inayoweza kuipita mwenziwe njiani. Zamani nakumbuka mtu akitaka ile ya pili atasema Ijumaa ile nyengine, au si hii inayokuja ile ya baadae, maneno mengi kidogo lakini wajua. Sasa vijana wetu, na mimi naona magazeti na maredio ndo waliowafundisha, wamechukua this wakaipa "hii", wakachukua next wakaipa "ijayo", pamoja na ugomvi wake wote, wakauhamishia kwetu kama mtu anaenunua kitanda cha mtumba akaja nacho na kunguni. Sisi kwenye Kiswahili hatukuwa na huu ugomvi! Tulikuwa na magomvi yetu wenyewe, na yatutosha.

Na magomvi yetu ni haya. Mtu wa Mombasa akikwambia shughuli ni "usiku wa Ijumaa" akusudia Alhamisi jioni, manake kwetu siku huanza jua likitua, usiku hutangulia mchana wake ndo ukafuata. Nishawahi kupata kijana mgeni, mstaarabu sana, amekodi nyumba Tudor, ataka viti hamsini usiku wa Ijumaa, viti vikamfika Alhamisi magharibi akiwa peke yake na kaptula amwagilia maua. Yeye hakuwa na makosa na mimi sikuwa na makosa. Alafu tazama majina yenyewe ya siku, Jumamosi mosi, Jumapili pili, twaenda vizuri mpaka Jumatano ya tano, alafu yaja Alhamisi, ambayo ni Kiarabu, na maana yake ni ya tano! Tuna siku mbili za tano zimekaa bega kwa bega kila wiki na hakuna anaeshtuka, manake Waarabu waanzia kuhesabu Jumapili na sisi twaanzia Jumamosi. Na miezi hivohivo, bibi yule wa Kibokoni akikwambia maulidi ni mwezi wa sita hasemi Juni, asema Mfungo Sita, mwezi wa sita ukihesabu kutoka ule wa kufungua Ramadhani.

Binti alinichekesha hapo manake mi nlidhani hii ya usiku kutangulia ni yetu sisi Waislamu wa pwani tu. Akasema kuna Mrumi mmoja wa kale, Tacitus, mwaka 98 baada ya Kristo aliandika habari za makabila ya Wajerumani wa wakati huo, akasema kwamba wale watu hawahesabu siku kama Warumi, wahesabu usiku. Na kati ya makabila aloyataja wamo Anglii, ndo hao baadae walovuka bahari na nchi ikapata jina lao, Uingereza. Na alama yake wanayo mpaka leo, wiki mbili waita fortnight, yaani masiku kumi na nne, na wiki moja waliiita sennight, masiku saba, hio nayo ikafa. Ata Krismasi yao waianza usiku wake kabla mchana. Kwa hio yule kijana wa Tudor ningemwambia babu zake hao Wazungu anaowaiga wangemuelewa vizuri Alhamisi ile, lakini alishaudhika.

Siku hizi nmebadilisha mtindo. Mtu akiniandikia next nini sijui, sijibu inshallah tena, namuuliza "tarehe ngapi mama?" Wengine hukasirika, wasema ami wataka kunifunza siku? Namwambia la, wataka biriani au hutaki? Alafu namsomea tena kwa sauti, Ijumaa tarehe 19, sufuria zakufikia Alhamisi tarehe 18 baada ya alasiri, mchana sio usiku, sawa? Akisema sawa ndo naandika. Yachukua dakika mbili. Tangu hapo sijakosea oda ya tarehe, nimekosea hesabu ya sinia lakini hio ni habari nyengine na sinia bado nazitafuta.

Na nyinyi Mhariri mna sababu kubwa kuliko mimi ya kuandika tarehe, manake mesej yangu inasomwa na mtu mmoja siku hiohio, gazeti lenu linasomwa leo na kesho na mtondo na mtondogoo. Asubuhi lauzwa, mchana laazimwa kinyozi, jioni liko mezani kwa mama wa viazi karai amefungia bajia, na wiki ya pili nalikuta limetandazwa chini ya vitunguu vya walima vikidondosha mafuta juu ya tangazo lenu. Mtu ala bajia, asoma "Alhamisi ijayo", atajuaje karatasi ni ya lini na kichwa chake chenye tarehe kimechanwa kimefungia bajia za mtu mwengine? Kuandika "Alhamisi tarehe 25" ni herufi chache tu, na najua mwalipisha tangazo kwa neno lakini hizo chache mwenye tangazo atazilipa, niulizeni mimi gharama ya kutoziandika.

Sasa ombi langu ni moja na ni la haraka. Yule jirani yangu wa sufuria ya shikio moja, ndie yule wa kwanza pale barazani alosema ni hii ya kesho kutwa, alienda kwenye huo mkutano wenu wa leseni Alhamisi ile ile, saa nne kamili, amevaa kanzu nzuri, akakuta mlango umefungwa na askari amelala kwenye kiti. Hajui kama amekosea siku au mkutano ulihamishwa, na leseni yake yaisha mwisho wa mwezi. Nawaomba muandike tena, mara hii kwa tarehe, ni lini.

Wenu,
Mkodishaji masufuria,
Majengo, Mombasa